Kompyuta ya bure iliyokula tokeni, na ile niliyobaki nayo

Mke wangu alinyakuliwa simu kwa dirisha la matatu pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, Ijumaa jioni, jam imesimama, na hapo ndipo hii maneno ya seva ilianzia, yaani kompyuta ya kukaa imewashwa nyumbani ikitunza picha zetu. Simu yenyewe haikuniuma sana, simu inanunuliwa ingine. Kilichoniuma ni picha. Kifungua mimba wetu alikua na miaka miwili na karibu picha zake zote zilikua mle ndani, pamoja na video ya dakika moja na kitu mzee wangu amempakata akimwimbia, na mzee alikua ashatuacha mwaka uliotangulia. Hazikua zimehifadhiwa pengine popote, maana zile GB 15 za bure za Google zilijaa kitambo na kulipia nafasi zaidi tulikua tunasema mwezi ujao, mwezi ujao, hadi ikawa hivo.

Ile video sijaipata mpaka leo. Nikaapa picha za hii nyumba hazitakaa tena kwa kitu kimoja kinachotembea kwa matatu.

Naendesha saiba ndogo hapa Umoja so kompyuta si kitu kigeni kwangu, nazifungua nazifunga kila siku, narudishia watu Windows, nabadilisha diski. Lakini kuchagua kompyuta ya kukaa imewashwa mchana na usiku bila mtu kuigusa ni kazi tofauti kabisa na kuchagua ya kupigia watu typing, na hilo nimelijua kwa pesa yangu mwenyewe, mashine nne kwa miaka mitano hivi. Nimeandika hapa kwa sababu ya watu wanaouliza kila wiki ni kompyuta gani ya seva ya bei rahisi wanunue, wakijibiwa wanatajiwa bei ya dukani tu basi.

Ya kwanza sikununua, nilipewa. Ofisini kwa binamu yangu walikua wanabadilisha kompyuta wakatoa za zamani, nikabeba deskitopu moja kubwa yenye prosesa ya kitambo ya Core 2 Duo, ramu GB 4, nikaiweka Debian, ule mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na diski mbili, nikaweka programu ya Syncthing kwa simu zetu zote, mtu akifika nyumbani simu ikishika waifai picha zinahamia zenyewe. Nilifurahi sana. Mwezi haukuisha kabla mama watoto hajaniuliza, "Babake, kwani tokeni za stima za elfu moja siku hizi zinaenda wapi?" Na alikua na haki ya kuuliza. Tokeni za elfu moja zilikua zinatusukuma wiki tatu. Sai zilikua zinaisha siku ya kumi.

Hapo nikafanya kitu ambacho naambia kila mtu akifanye kabla hajanunua chochote, na hakihitaji kifaa cha kupimia. Mita yako ya stima iko na kataa kadogo kekundu kanakomweka. Soma pale usoni mwake, kuna namba imeandikwa na imp/kWh mbele yake. Yangu ni 1000, kuna zenye 1600, angalia yako. Maana yake ni kwamba kataa kakimweka mara 1000 umemaliza yuniti moja. Usiku mmoja watoto wamelala nilizima nyumba nzima, friji nikachomoa, TV, rauta, chaja zote kwa ukuta, nikaacha ile deskitopu peke yake, nikashuka ngazi hadi kwa mita na simu mkononi ya kuangalia saa. Nikasimama pale dakika kumi kamili nahesabu. Jirani wa chini akapita akanisalimia, nikamjibu kwa mkono juu niliogopa kupoteza hesabu. Kalimweka mara 13.

Mara 13 kwa dakika kumi ni 78 kwa saa, na kwa mita ya 1000 hiyo ni wati 78. Na hapo mashine haina kazi, imekaa tu inasubiri simu zije. Zidisha masaa 24, zidisha siku 30, ni yuniti 56 na kitu. Ukiweka 28 bob kwa kila yuniti, pamoja na kodi na vile vitozo vingine, ni kama shilingi 1,570 kwa mwezi. Kwa mwaka karibu elfu 19. Kwa kompyuta niliyopewa bure.

Tangu hapo kila mashine naisoma kwa mita kwanza. Kuna jamaa alileta pale saiba seva kamili ya kampuni, Dell PowerEdge R710, ile ndefu ya kulala kwa reki, prosesa mbili, ramu nyingi kuliko nimewahi kushika, anataka elfu 12 tu. Inavutia macho, na najua watu wamenunua. Lakini hiyo ni mashine ya 2009, imetengenezwa ikae kwa chumba chenye AC na watu hawalali humo, ikiwa haina kazi bado inavuta zaidi ya wati 100 na mafeni yake yanasikika hadi kwa jirani. Nilimwambia asante. Elfu 12 ningemaliza kuilipa siku hiyohiyo, stima yake ningelipa hadi siku ya kuitupa.

Ya pili ilikua Raspberry Pi 4 ya GB 4. Hiyo ni 2022, wakati mpya zilikua zimeadimika dunia nzima na bei imepanda, nikaipata kwa kijana wa campo aliyekua amemaliza project yake. Kwa stima haina mpinzani, wati tatu, nne, ikifanya kazi sana sita au saba. Makosa yaliyofuata yalikua yangu na nayasema ndio mtu asiyarudie. Nilikua nimeiwasha na chaja ya simu. Pi 4 inataka adapta ya volti 5 na ampea 3 za ukweli, na chaja nyingi za simu ukizivuta hivo volti inashuka, na ikishuka Pi inaonyesha kaalama ka radi ya njano kwa skrini, na mimi skrini sikua nimechomeka, seva ya nini na skrini. Alafu nikachomeka diski mbili za USB. Soketi zake zote nne za USB zinagawana ampea 1.2 tu kwa jumla, na diski mbili zikianza kuzunguka pamoja zinataka zaidi ya hapo. Diski moja ikawa inapotea inarudi, inapotea inarudi, nikalaumu diski, nikabadilisha kebo mara mbili, nikanunua diski ingine na ile ya kwanza haikua na shida yoyote.

Kilichoimaliza ni stima. Wanaoishi huku wanajua venye huwa, stima inapotea, inarudi sekunde mbili, inapotea tena, inarudi na nguvu. Debian inaandika kitu kila wakati, na kadi ya memori ikikatwa katikati ya kuandika kuna siku haiamki tena. Yangu iliamka mara mbili, ya tatu ikakataa. Picha zilikua kwa diski so zilibaki sawa, lakini Jumapili yangu nzima iliishia kuweka kila kitu upya. Ile Pi niliitoa nikaiweka kwa droo. Nitairudia, maana sasa hivi ndio inashikilia kila kitu.

Nikafikiria, shida ni stima kukatika, sasa ni kompyuta gani inakuja na betri ndani? Laptopu. Na kwa saiba huwa napata zile zenye kioo kimepasuka, watu wanauza kwa bei ya kutupa maana kioo kipya ni ghali. Nikapata moja kwa elfu 6, prosesa nzuri, ramu GB 8. Nikafunga kifuniko, nikabadilisha mstari mmoja kwa logind.conf, faili moja ya mipangilio ya Debian, ndio isilale ikifungwa, nikaiweka juu ya kabati chumba cha watoto. Kwa mita: dakika 20, mara tatu. Wati 9 hivi. Stima ikipotea haijui hata kama imepotea. Niliipenda hiyo mashine, nilikua naisifia kwa kila mtu, na kuna wawili walinunua kwa kunisikia mimi.

Mwaka na nusu baadaye napangusa vumbi huko juu naona kifuniko hakifungi sawa. Nikakiinua. Ile sehemu ya kuguza ya mausi ilikua imenyanyuka, imejitokeza kama mkate uliochachuka, nikaiguza kwa kidole ikarudi chini polepole ikapanda tena. Betri imefura. Nilibaki nimesimama hapo juu ya stuli na kitanda cha watoto kiko chini yangu. Betri ya lithiamu ikikaa imejaa asilimia 100 miezi na miezi na ikiwa kwa joto inazeeka ikitoa gesi ndani, na juu ya kabati karibu na silingi ndio mahali pa joto kuliko pote kwa nyumba, na mimi ndio nilipachagua. Nilizima, nikachomoa, nikaibeba na mikono miwili hadi kwa balkoni, kesho yake nikaipelekea watu wanaokusanya taka za elektroniki. Usiitoboe, usiitupe kwa pipa, magari ya taka yanashika moto hivo.

Nikawapigia simu wale wawili siku hiyohiyo. Kama umeamua laptopu, na si wazo baya, toa betri kabisa kama inatoka, au tafuta mashine ambayo baiosi yake, ile mipangilio ya ndani unayoingia kabla Windows haijawaka, inakubali kusimamisha chaji kwa asilimia 60 au 80, na uiweke mahali wazi, chini, mbali na mahali mtu analala. Mimi baada ya kuona ile kitu sikuweza kurudi.

Sasa nifike kwa hii ya nne. Ofisi za Ulaya huwa zinabadilisha kompyuta kila miaka michache na zikitoka huko zinaishia kwetu kama ex-UK, na kati yake kuna zile ndogo za kufungwa nyuma ya skrini, ukubwa wa kitabu kinene. HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny, zote ni ndugu, na yangu ni mojawapo, haijalishi gani. Angalia herufi ya mwisho ya prosesa. T ndio unataka, kama i5-6500T, hiyo joto lake limewekewa mpaka wa wati 35 na ikikaa bila kazi mashine nzima inashuka hadi kama 10. Kama utaangalia movie kwa Jellyfin, programu ya kurushia TV movie kutoka kwa seva, na TV yako ni ya zamani, ongeza pesa kidogo upate prosesa ya kizazi cha saba, maana cha sita, kama hiyo 6500T, hakina chipu ya kufungua zile video zilizobanwa kwa HEVC ya biti 10, itabidi prosesa ijitese. Mimi movie si kitu sana so nilibaki na cha sita.

Nilienda Luthuli, kwa yale maduka ya elektroniki mjini, Jumanne asubuhi, si Jumamosi, Jumamosi hakuna mtu ana muda wako. Nilibeba flashi yangu yenye Debian ya kuwashia na kabuku ka kuandikia. Duka la tatu kijana akanitolea moja. "Mkubwa, hii ni ex-UK, safi, haijakaa hata wiki."

Nikamwambia, "Sawa, wacha niiwashe na flashi yangu."

"Ya nini sasa? Si iko na Windows."

"Ndugu yangu, nitakaa nayo miaka mitano. Nipe dakika kumi."

Cha kwanza nikaingia baiosi. F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Ile ya kwanza ikaniitisha pasiwadi. Hiyo ni pasiwadi ya kampuni iliyokua nayo huko ng'ambo na hakuna mtu Luthuli anaijua, na bila hiyo huwezi badilisha kile kitu muhimu kuliko vyote nitakachokisema hapa mbele. Nikairudisha. Ya pili ikafunguka. Nikawasha Debian kutoka kwa flashi, nikaangalia diski na smartctl, programu ya kusoma afya ya diski. Wanaonunua diski za mtumba waangalie mistari mitatu tu: Power_On_Hours, masaa imewaka, Reallocated_Sector_Ct, sehemu zilizoharibika zikabadilishwa, na Current_Pending_Sector, zile zinazoshukiwa. Hizo mbili za mwisho nataka sifuri. Ya mashine ilikua sawa. Lakini pia nilitaka diski ya TB 2 ya kuweka picha, akanitolea moja kwa nailoni, "mpya kabisa." Nikaichomeka. Masaa 41,000. Mwaka una masaa 8,760, yaani hiyo diski imezunguka karibu miaka mitano bila kulala, na ilikua na sekta 16 zinazosubiri kufa. Nikamwonyesha skrini. Akanyamaza kidogo, akasema ilitoka kwa mashine ya CCTV. Simlaumu sana, hakua na njia ya kujua, hata mwenyewe alikua anaamini kibandiko. Lakini ningeenda nayo nyumbani ningeweka picha za watoto wangu juu yake. Diski ya data nilinunua mpya, mahali pengine, na risiti, na hiyo ndio sehemu moja ya hii kazi ambayo sishauri mtu atafute rahisi.

Pia ulizia adapta yake halisi, maana kuna mashine zikipewa adapta isiyo yake zinaitambua na zinapunguza mwendo hadi unafikiria imeharibika. Na ufungue kifuniko hapohapo uone kama kile kibebeo cha diski na kakebo kake vipo, hivo vinapotea njiani na kuvitafuta peke yake ni safari. Nililipa 14,500. Usiku nikarudi kwa mita, nusu saa, kataa kakamweka mara tano. Wati 10. Yuniti 7 kwa mwezi, mia mbili bob. Mama watoto nilimwita aje ahesabu na yeye, tukasimama hapo ngazini wote wawili na shuka mabegani, na hakuuliza tena mambo ya tokeni.

Kile kitu muhimu ni hiki. Kwa baiosi kuna mahali inakuuliza stima ikirudi baada ya kupotea, mashine ifanye nini. Nyingi zinatoka zimewekwa zikae zimezimwa. Badilisha ijiwashe. Nilibadilisha, nikaijaribu kwa kuchomoa mara nne, ikaamka mara nne, nikapanga safari ya Krismasi nikiwa na amani. Tuko ushago Machakos, ile wiki ya kati ya Krismasi na mwaka mpya, naangalia simu seva haipo. Nikajua stima imepotea, nikangoja. Kesho bado. Jirani akaniambia stima iko tangu jana. Nikakaa siku tano nikiwaza diski imekufa, siwezi fanya kitu, na niliporudi nikachomeka skrini nikakuta imeandika saa na tarehe hazijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Ilikua inangoja mtu abonyeze F1. Siku tano.

Ile betri bapa ya kwenye bodi, CR2032, ilikua imeisha. Mashine ya 2016, betri ya 2016, hakuna mtu amewahi kuibadilisha, na mradi mashine iko kwa stima huoni tatizo, siku stima inakatika ndio inasahau saa, na kuna mashine zinasahau hata mengine uliyoziambia, pamoja na ile ya kujiwasha. Betri yenyewe ilikua bob 100. Sasa nikinunua mashine ya mtumba hiyo betri nabadilisha kabla hata sijaweka Debian, na nazima kwa baiosi ile tabia ya kusimama na kungoja mtu kila ikiona kosa dogo.

Alafu UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia mashine stima ikipotea. Nilinunua ya 650VA, iliyotumika, betri yake ya ndani ya volti 12 ampea-saa 7 nikaitupa nikaweka mpya, maana hizo betri za madini ya risasi zikishapita miaka miwili mitatu zinakua mapambo. Kwa wati 10 za mashine na rauta na kidude cha fiba na swichi inanipa zaidi ya saa moja. Lakini UPS ya bei yangu haina waya wa kuiambia kompyuta kwamba stima imeenda, so betri inaisha na mashine inakatwa ghafla, yaleyale ya Pi.

Hapo ndio nikaikumbuka Pi kwa droo. Nikaichomeka kwa ukuta moja kwa moja, nje ya UPS, na adapta yake sahihi, na waya hadi kwa swichi. Kazi yake kuu ni kuwa hai stima ikiwa hai. Seva inaipigia ping, yaani kaujumbe ka kuuliza kama iko, kila dakika. Pi ikinyamaza dakika kumi mfululizo, seva inajua stima haipo, inajizima vizuri, diski zinafungwa kwa utaratibu. Sasa kuna mtego ambao ulinishika mara moja: stima ikirudi kabla UPS haijaisha, seva haijaona stima ikikatika, kwa hivo ile amri ya kujiwasha haifanyi kazi, itabaki imezimwa milele. Dawa ni Pi ileile. Ikiamka tu inangoja dakika tatu stima itulie, alafu inatuma ule ujumbe wa kuamsha mashine kupitia waya wa mtandao, Wake-on-LAN, unauwezesha kwa baiosi. Na kama UPS ilikufa kabisa, seva inajiwasha yenyewe. Njia zote mbili zimezibwa. Na kadi ya Pi haifi tena maana kwa raspi-config kuna mahali pa kuiambia isiandike kitu kwa kadi, inaandika kwa ramu tu, ikatwe mara mia haijali. Hii mpango imeshapita kukatika kwa stima ambako sijui hata idadi, na sijabonyeza kitu.

Kuna ya waya pia, nitasema haraka. Picha zilikua zinahamia kwa kasi ya MB 11 kwa sekunde na kila kitu nilichonunua ni cha gigabiti, ambayo inafaa ifike 100 na zaidi. 11 ukiiona mahali jua umeshuka hadi megabiti 100, na karibu kila mara ni waya. Gigabiti inataka nyaya zote nane, fundi aliyenifungia vichwa vya kebo alikua amekaza nne tu vizuri. Nikakata kichwa cha kebo nikafunga kingine mwenyewe: cheupe-chungwa, chungwa, cheupe-kijani, buluu, cheupe-buluu, kijani, cheupe-kahawia, kahawia. Ukikwaruza nyaya na kisu ukaona ndani ni nyeupe ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu, rudisha hiyo kebo. Na ukitaka kufikia seva ukiwa nje, angalia anwani ambayo rauta yako imepewa na watu wa fiba. Ikiwa inaanza na 100.64 hadi 100.127 ujue mnagawana anwani moja watu wengi na kufungua mlango kwa rauta (port forwarding) hakutasaidia, usimalize wiki ukijaribu kama mimi, tafuta njia ya WireGuard, programu ya kuunganisha mashine kwa njia ya siri, inayotoka ndani kwenda nje.

Lakini mashine moja bado ni mahali pamoja. Mwizi anaweza kuibeba kwa mkono mmoja, ni ndogo hivo. Kwa hivo kuna diski ya pili ya TB 2, na ya tatu. Moja iko kwa seva inanakili kila usiku, ingine iko Machakos kwa mama, na shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, nikipeleka watoto napeleka diski, narudi na ile ya zamani. Mara ya kwanza kumpelekea nilimweleza mama kwamba humo ndani ni picha za wajukuu wake wote na za mzee, zile tulizokusanya kwa simu za shangazi na binamu baada ya kupoteza zingine. Aliishika akaigeuza, akauliza kama inaharibika na baridi, nikasema hapana, ila isianguke na isilowe. Akaifunga na leso, mafundo mawili.

Aprili nilipoenda nikamuuliza iko wapi. Akaingia chumbani akatoka na ile bahasha kubwa ya kaki. "Nimeiweka na title ya shamba, mwanangu," akasema. "Hapo hakuna mtu hugusa."